Jinsi ya kupima uzito wa galaksi kwa rula na kikokotoo

Watu wakisikia kwamba nashughulika na galaksi (yale makundi makubwa mno ya nyota), swali la kwanza huwa ni la darubini: iko wapi, kubwa kiasi gani? Sina. Kazi yangu karibu yote hufanyika mezani, kwa picha zilizopigwa na wenzetu na kuwekwa mtandaoni bure. Leo nitakuonyesha kipimo ambacho unaweza kukifanya jioni moja: kupima uzito wa galaksi kwa kuangalia jinsi inavyopinda mwanga wa galaksi nyingine iliyo nyuma yake. (Mwalimu wa fizikia atataka niseme tungamo. Ana haki, ila hapa nitasema uzito.)

Unahitaji kompyuta yenye intaneti, rula ya shule, kikokotoo na karatasi.

Kwanza, uone kwa macho kinachotokea

Chukua chupa tupu ya soda ya kioo na utazame taa ya mbali kupitia kitako chake. Isogeze polepole. Mahali fulani taa itavutika na kuwa kama upinde, na ukibahatika itazunguka kitako chote. Galaksi nzito hufanya hivyohivyo, ila badala ya kioo kinachopinda mwanga ni mvutano wake. Galaksi ya nyuma ikiwa karibu sawasawa mgongoni mwa ile ya mbele, tunaiona kama pete. Kadiri ya mbele inavyokuwa nzito, ndivyo pete inavyokuwa pana. Einstein aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1936 akiwa na nyota akilini, na hakutarajia kwamba tungeliona. Mwaka uliofuata mwanaastronomia Fritz Zwicky akasema tutazame galaksi, si nyota. Yeye ndiye aliyepatia.

Hatua ya 1: Itafute pete

Fungua Aladin Lite, ramani ya anga ya mtandaoni, kwenye kivinjari. Kwenye sehemu ya kutafutia andika SDSS J114833.14+193003.2, kisha chagua picha za rangi za SDSS (mradi wa kupiga picha za anga), zilizopigwa kwa darubini ya mita 2.5 huko New Mexico, Marekani. Utafika kwenye kundinyota la Simba, ambalo kwa Kiswahili cha wanajimu ni Asadi. Vuta karibu hadi pembeni pa picha uone kwamba upana wake ni kama sekunde 30 za pembe. (Nyuzi moja ina sekunde 3,600 za pembe.)

Katikati utaona galaksi ya rangi ya chungwa, na kuizunguka, tao la buluu lililokosa kipande upande mmoja. Ndiyo maana inaitwa Kiatu cha Farasi. Ilitangazwa mwaka 2007. Ya chungwa ndiyo lenzi. Buluu yote ile ni galaksi moja tu ya nyuma, iliyonyooshwa.

Hatua ya 2: Weka rula kwenye skrini

Usicheke, ndivyo ninavyowaanzisha wanafunzi wote. Pima kwanza upana wa picha yenyewe, si wa skrini nzima. Kwangu ni sentimita 24 kwa sekunde 30, kwa hiyo kila sentimita ni sekunde 1.25.

Sasa pima pete kutoka upande hadi upande. Tao ni nene na lina ukungu kwa sababu hewa ya dunia hutikisa mwanga, basi pima kutoka katikati ya unene wake. Rudia mara tatu, kila mara ukigeuza rula. Mimi nilipata 7.8, 8.2 na 8.0. Wastani ni sentimita 8, yaani sekunde 10.

Tunachotaka ni nusukipenyo: sekunde 5. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Ukisahau kugawa kwa mbili, jibu lako litakuwa kubwa mara nne, kwa sababu namba hii inazidishwa kwa yenyewe.

Hatua ya 3: Umbali

Wanaastronomia wameshapima mhamo mwekundu wa galaksi zote mbili, yaani kiasi ambacho mwanga wake umevutwa na kutanuka kwa ulimwengu; huandikwa z. Lenzi ina z = 0.444, ya nyuma ina z = 2.381. Fungua kikokotoo cha kosmolojia cha Ned Wright, weka Ho = 70 na OmegaM = 0.3, andika z, bonyeza Flat. Kati ya majibu yatakayotokea, chukua umbali unaoitwa comoving. Utapata karibu megaparsek 1,700 kwa lenzi na 5,690 kwa ya nyuma (megaparsek moja ni kama miaka-nuru milioni 3.26).

Tunahitaji umbali wa aina nyingine, ule unaotumika kwenye pembe. Kuupata, gawa kila mmoja kwa (1 + z) yake:

Lenzi: 1,700 ÷ 1.444 = 1,177
Ya nyuma: 5,690 ÷ 3.381 = 1,683

Bado umbali kati ya hizo mbili. Mara ya kwanza nilifanya kile ambacho mtu yeyote angefanya: nikatoa 1,177 kwenye 1,683, nikapata 506, nikaenda kulala nimeridhika. Galaksi yangu ilitoka na uzito zaidi ya mara mbili ya ule halisi, na nilipoteza siku mbili nikitafuta kosa kwenye picha.

Kosa ni hili: zile namba mbili si za sarafu moja. Kila moja imegawanywa kwa kiwango chake, kwa hiyo kutoa moja kwenye nyingine ni kama kutoa shilingi za Kenya kwenye shilingi za Tanzania bila kupita kwenye duka la fedha. Toa kabla ya kugawa, zikiwa bado za aina moja, kisha ugawe kwa kiwango cha ile ya nyuma:

(5,690 − 1,700) ÷ 3.381 = 1,180

Hatua ya 4: Uzito

Zidisha umbali wa lenzi kwa wa ile ya nyuma, gawa kwa ule wa kati:

1,177 × 1,683 ÷ 1,180 = 1,679, yaani gigaparsek 1.68 (gigaparsek ni megaparsek 1,000)

Kanuni ya Einstein, ukishaingiza namba zake zote zisizobadilika, inabaki hivi (kipimo ni uzito wa Jua letu): uzito kwa majua = bilioni 123 × (nusukipenyo kwa sekunde)² × umbali huo kwa gigaparsek.

123 × 25 × 1.68 = 5,166

Majua trilioni 5.2 hivi. Njia Nyeupe yetu yote, pamoja na maada giza yake (ile isiyoonekana), inakadiriwa kuwa na karibu trilioni moja, na hapa tumepima tu kilichomo ndani ya pete, ambayo nusukipenyo chake ni kama miaka-nuru 93,000. Ukipata 4.7 au 5.8 usifadhaike. Rula ikiteleza milimita chache, jibu linahama hivyo.

Pete inakwambia jumla tu, haikwambii uzito umekaa wapi humo ndani. Mwaka 2025 watafiti walitangaza kwamba katikati ya Kiatu cha Farasi kuna shimo jeusi la majua bilioni 36. Ni kubwa ajabu, lakini ni chini ya asilimia moja ya jumla tuliyopata. Ili kuliona walihitaji taswira nyingine hafifu iliyo karibu na kitovu, pamoja na mwendo wa nyota za galaksi hiyo. Rula haifiki huko.

Zoezi

Februari 2025 ilitangazwa pete iliyonaswa na darubini ya angani ya Euclid kwenye galaksi ya NGC 6505. Nusukipenyo ni sekunde 2.5, lenzi ina z = 0.042, ya nyuma ina z = 0.406. Ukipata majua bilioni 150 hivi, umefanya sawa. Ukipata karibu bilioni 155, tazama tena ulivyotoa umbali. Lenzi ikiwa jirani hivi, kosa lile linajificha vizuri sana.