Kumaliza hai skuli mapema ili kucheza hoki ya barafuni chuoni Marekani: mzazi aanzie wapi

Kocha akimwambia mwanao wa miaka 16 kwamba anamtaka chuoni msimu ujao, wala hasubiri amalize darasa la 12, mwaka wa mwisho wa sekondari, furaha hujaa nyumbani. Kabla hamjawapigia simu ndugu wa Kisumu na Tanga, tandazeni mezani hati ya matokeo ya mtoto.

Jueni kwanza kwamba kwa wavulana desturi ya hoki ya barafuni ni kuchelewa kuingia chuo. Wengi humaliza sekondari, wakapitia ligi za juniori, yaani za vijana, kama USHL ya Marekani au BCHL ya Kanada, ndipo wakaingia chuo wakiwa na miaka 19 au 20. Tangu Agosti 2025, hata waliocheza ligi kuu za juniori za Kanada wanaruhusiwa Divisheni ya Kwanza, ngazi ya juu ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani. Huyo wa miaka 17 atabanwa ukutani na watu wazima wenye ndevu. Macklin Celebrini aliingia Boston University akiwa na miaka 17, akafunga mabao 32 katika mechi 38 na kutwaa tuzo ya Hobey Baker, ya mchezaji bora wa hoki ya vyuo kwa wanaume, mwaka 2024. Lakini yeye ndiye aliyechaguliwa wa kwanza na timu za NHL, ligi kuu ya kulipwa, mwaka huohuo. Kwa mwanangu mimi ningemuuliza kocha waziwazi: atacheza, au atakaa benchi? Kama ni benchi, haraka ya nini? Wasichana wengi hutoka sekondari moja kwa moja, kwa hiyo kwao pengo la umri si kubwa hivyo.

Tuje kwenye masomo, maana hapa ndipo watu hukwama. Divisheni ya Kwanza inataka masomo 16 ya msingi: miaka minne ya Kiingereza, mitatu ya hesabu kuanzia Algebra 1, miwili ya sayansi, miwili ya masomo ya jamii, na mengine ya kujazia. Wastani wa alama (GPA) usipungue 2.3 kati ya 4.0. Anayetaka kumaliza kwa miaka mitatu anapaswa kuyapanga tangu darasa la 9. Akishtuka darasa la 11, nafasi imebaki finyu.

Fungua tovuti ya NCAA Eligibility Center, ofisi inayokagua kama mchezaji ametimiza masharti, andika jina la shule, na orodha ya masomo yaliyoidhinishwa itatokea. Kaa na mshauri wa wanafunzi, hati mkononi, mlinganishe mstari kwa mstari. Somo linaweza kutosha kabisa kwa cheti cha shule na bado lisiwe kwenye orodha ile. Yale ya mtandaoni ya kiangazi, ambayo mtoto anayamaliza peke yake bila mwalimu wa kumfuatilia, yana hatari zaidi. Uliza kabla ya kulipa. Mkiwa Minnesota, ulizieni PSEO: mwanafunzi wa sekondari anasoma masomo ya chuo bila kulipa ada, na shule inamhesabia. Hakikisheni tu yanaonekana kwenye hati yake ya sekondari.

Kama mtoto alihamia huku akiwa tayari ameanza sekondari nyumbani, NCAA itataka matokeo yake yote kuanzia mwaka wa tisa wa masomo. Ripoti za shule ya Nairobi au Arusha zianze kutafutwa leo. Shangazi aliye karibu aende mwenyewe ofisini kwa mkuu wa shule, kwa sababu barua pepe pekee inaweza kukaa bila kujibiwa muhula mzima.

Kuhusu pesa, msidhani kila chuo kinatoa ufadhili wa michezo. Divisheni ya Tatu haitoi, wala vyuo vya Ivy League, ingawa Harvard, Yale, Princeton, Cornell, Brown na Dartmouth wanacheza hoki Divisheni ya Kwanza. Hao husaidia kulingana na kipato cha familia, na kwa mzazi wa mshahara wa kawaida msaada huo unaweza kuupita ule wa michezo. FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali ya Marekani, ni ya raia, wenye grini kadi na makundi machache mengine ya wahamiaji, wakiwemo wakimbizi. Mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, asiguse hela ya matangazo, ile mchezaji anayolipwa kwa kutumia jina na sura yake, kabla ya kuonana na wakili wa uhamiaji.

Ahadi ya mdomo ya kocha haimfungi mtu. Kocha mwenyewe anaweza kuhama kabla ya Septemba. Msiombe cheti cha mapema shuleni mpaka mpate barua ya kukubaliwa chuo na maandishi ya ufadhili. Akiwa bado hajatimiza miaka 18, mzazi ndiye atakayetia saini fomu za matibabu na za timu, kwa hiyo zisomeni zote, hasa ile inayosema nani analipa hospitali akivunjika mfupa.