Kupiga filamu ya bendi kongwe ya dansi ikirekodi albamu: mwongozo wa hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa kikosi cha watu wanne: wapiga picha wawili, mtu wa sauti, na mtu wa daftari. Mkiwa watatu, punguza mpiga picha mmoja. Wa daftari usimpunguze. Filamu ya studio mara nyingi huharibika kwa namna ileile: picha zipo, sauti zipo, ila hakuna anayejua sauti ipi ni ya picha ipi.

Sababu iko kwenye namna albamu zinavyorekodiwa siku hizi. Kizazi kilichopitia NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964 na leo inaitwa Msondo Ngoma, au Mlimani Park ya 1978, kilizoea studio za Redio Tanzania Dar es Salaam. Bendi nzima inapiga kwa pamoja, akikosea mmoja wote wanarudi mwanzo. Ukipiga picha kikao kama kile, picha na sauti ni kitu kimoja. Leo ngoma zinawekwa Jumatatu, gitaa la rithimu Jumatano, sauti wiki inayofuata, na solo unayoisikia kwenye wimbo uliokamilika inaweza kuwa imeungwa kutoka teki tano (teki ni upigaji mmoja unaorekodiwa). Kazi yote hapa chini imejengwa juu ya jambo hilo.

Hatua ya 1: Maliza karatasi kwanza

Kwa Tanzania Bara, omba kibali cha kupiga picha Bodi ya Filamu kabla hujapanga tarehe ya studio. Kisha tenganisha haki tatu, kwa sababu wenye bendi wengi huzichanganya: haki ya mtunzi wa wimbo, haki ya mwenye rekodi, na ridhaa ya kila anayeonekana kwenye picha. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mtunzi na inamlinda mpigaji pia. Kwa hiyo saini ya kiongozi wa bendi peke yake haitoshi.

Kwenye dansi suala la mtunzi linahitaji uangalifu. Waimbaji wamehama bendi mara nyingi, na wimbo uliotungwa kwenye bendi moja hurudiwa kwenye nyingine. Tengeneza jedwali la nyimbo zote za albamu: mtunzi, yuko hai au amefariki, warithi ni nani, wimbo umesajiliwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki, au haujasajiliwa (Zanzibar ni COSOZA). Wimbo ambao warithi wake hawajapatikana usiufanye uti wa mgongo wa filamu. Ukitaka vipande vya rekodi za zamani za redio, anza mazungumzo na TBC, shirika la utangazaji la taifa, mapema. Kuwa na kaseti nyumbani si kuwa na haki ya kuitumia.

Posho na nauli zipangwe mbele ya bendi nzima, si pembeni na mtu mmoja. Manung'uniko ya pesa huonekana kwenye picha kuanzia siku ya pili.

Hatua ya 2: Kagua studio na fundi mitambo

Nenda bila kamera. Muulize fundi maswali haya na uandike majibu:

– Kikao kinarekodiwa kwa kilohezi 44.1 au 48 (maelfu ya sampuli za sauti kwa sekunde)?
– Wimbo unapigwa juu ya metronomu (mdundo wa mashine wa kushika kasi) au huru?
– Kuna njia ya stereo iliyobaki kwenye mikseri ya kukupa mchanganyiko wanaousikia wao?
– Maiki anayozungumzia na wanamuziki inapita wapi, na inaweza kutolewa kwako?
– AC inazimwa wakati wa teki?

Swali la mwisho linadharauliwa sana. Studio nyingi za Dar huzima AC teki inapoanza, na chumba cha mita nne kwa tano chenye watu saba hupata joto upesi. Kamera isiyo na feni inaweza kujizima katikati ya wimbo, na yenye feni inaweza kusikika kwenye maiki ya mwimbaji. Weka yenye feni kwenye chumba cha fundi, isiyo na feni ndani, na uipumzishe kila AC inapowashwa. Pia, unapotoka kwenye baridi kwenda nje penye unyevu, acha kamera ndani ya begi lililofungwa kwa dakika 20 hadi 30, la sivyo lenzi itashika ukungu.

Fanya jaribio la taa siku hiyohiyo. Mpiga solo afungue sauti ya gitaa mpaka mwisho bila kugusa nyuzi, nawe uwashe taa zako moja moja. Taa za LED zinapopunguzwa mwanga kwa kitufe chake hutoa mngurumo unaodakwa na gitaa, hasa lenye pikapu za koili moja. Ikinguruma, sogeza taa mita mbili au zaidi, iendeshe kwa betri, iache kwenye mwanga kamili na upunguze kwa kitambaa cheupe mbele yake. Simu zote, za kwenu na za bendi, ziwekwe mbali na amplifaya.

Hatua ya 3: Kamera

Umeme wetu ni hezi 50, kwa hiyo piga fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50 ya sekunde. Ukiweka 1/60 chini ya taa za tyubu utaona mistari ikipanda kwenye picha, na hiyo ni kazi ngumu kuisafisha baadaye. Kamera zote ziwe na joto la rangi lilelile kwa namba. Usitumie otomatiki.

Lenzi tatu zinatosha: milimita 35, 50 na 85, zinazofunguka mpaka f/1.8 au f/2 (namba ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa). Lakini usipige mikono ya mpiga gitaa kwa f/1.8. Vidole vikitembea juu ya shingo ya gitaa vinatoka nje ya fokasi kila sekunde mbili. Funga mpaka f/4 na upandishe ISO, yaani wepesi wa kamera kushika mwanga.

Kamera A ikae kwenye mguu mahali ambapo wanamuziki wataizoea na kuisahau. Kamera B mkononi. Mpiga B avae viatu laini na asisogee teki inapoendelea, isipokuwa wanapiga bila maiki ya chumba.

Hatua ya 4: Sauti, na hapa usifanye haraka

Unahitaji sauti za aina nne kwa wakati mmoja.

Kwanza, mchanganyiko wa stereo kutoka kwa fundi. Hiyo ni sauti ya kiwango cha laini, yenye nguvu kuliko ya maiki. Ukiichomeka kwenye tundu la maiki la kamera itapasuka hata ukipunguza kitufe mpaka chini. Ipeleke kwenye rekoda yenye pembejeo ya laini, na ukisikia mngurumo mzito wa umeme usiokoma, weka kisanduku cha kutenga chenye transfoma kati ya mikseri na rekoda. Usikate waya wa ardhi wa plagi ili kuondoa mngurumo. Unaweza kumuua mtu.

Pili, maiki ya fundi ya kuzungumza na wanamuziki. "Mzee, turudie kuanzia kwenye kiitikio" ndiyo sentensi inayobeba filamu, na kwa kawaida hairekodiwi popote.

Tatu, maiki za kubana kwenye nguo: moja kwa kiongozi wa bendi, moja kwa prodyuza. Mwimbaji usimbane maiki wakati wa teki. Nguo ikichakarika itasikika kwenye maiki kubwa ya studio, na teki ya bendi ina thamani kuliko sauti yako. Mzee apewe waya aupitishe mwenyewe ndani ya shati. Usimshike kifuani bila kuomba.

Nne, maiki ya chumba cha fundi, iliyolazwa juu ya meza karibu na kiti cha wageni. Mabishano makali hutokea kwenye kiti hicho.

Rekodi zote kwa kilohezi 48 na biti 24, na rekoda isizimwe toka watu wanapoingia mpaka wanapotoka. Kamera zinaweza kusimama, sauti isisimame. The Beatles walipopigwa filamu London Januari 1969, rekoda za sauti za Nagra ziliendelea kuzunguka hata kamera za milimita 16 zilipokuwa hazipigi. Mfululizo wa Get Back, uliotengenezwa kutokana na kanda hizo na kutolewa 2021, ulikuwa na takriban saa 60 za picha na saa 150 za sauti za kuchagua. Bendi yoyote hufanya uamuzi mwingi pale inapodhani kazi imesimama. Hata hivyo watu waambiwe wazi kwamba maiki ziko hai muda wote, na wawe na haki ya kusema "hii isitumike".

Taimukodi (saa ya pamoja inayoandikwa kwenye picha na sauti): tumia visanduku vidogo vya kuoanisha, kimoja kwa kila kamera na kimoja kwa rekoda, vyote kwenye fremu 25. Vilinganishe asubuhi na baada ya chakula. Kamera isiyo na tundu la taimukodi huipokea kama sauti, kwa hiyo chaneli ya kushoto iwe ya taimukodi, ya kulia maiki ya kamera, na otomatiki ya sauti izimwe. Huna visanduku? Piga makofi mbele ya kamera zote mwanzo na mwisho wa kila teki. Makofi ya mwisho yana kazi yake: saa za kamera huachana taratibu, na kwenye teki ndefu utaona fremu moja au mbili zimeteleza.

Hatua ya 5: Daftari la teki

Mtu wa daftari akae ubavuni mwa fundi na atumie namba zilezile za fundi. Mstari mmoja uwe hivi:

Wimbo 3 / rithimu / teki 4 / 14:22:10 hadi 14:27:55 / A mikono, B uso / ubeti wa 2 umechukuliwa, sebene irudiwe

Maelezo ya mwisho ndiyo yenye thamani. Fundi akisema "hiyo nimeibeba", andika sekunde ileile. Jioni, kabla fundi hajafunga kompyuta, kaeni pamoja dakika 15 mkapitie vipande vilivyobaki kwenye wimbo na kila kimoja kimetoka teki ya ngapi. Baada ya wiki hata yeye hatakumbuka.

Hatua ya 6: Nini cha kupiga, siku kwa siku

Siku za ngoma na besi piga mapana, chumba kizima, kwa kuwa bado watu wengi wapo. Siku ya magitaa ndiyo siku ya kufungua macho. Uzuri wa dansi uko kwenye mazungumzo ya solo na rithimu, na wanapowekwa siku tofauti mazungumzo hayo hayaonekani. Muombe kiongozi wa bendi jambo moja: kabla ya kurekodi, wapiga gitaa wote wakae viti vilivyokaribiana wapitie wimbo mara mbili bila mashine. Kamera A ishike mikono yote kwenye fremu moja, B nyuso. Dakika kumi za namna hiyo zinaonyesha bendi ilivyo kuliko siku nzima ya teki.

Mpiga gitaa anayechomeka moja kwa moja kwenye mashine hatasikika chumbani zaidi ya mgongano wa nyuzi. Mwimbaji aliyevaa hedifoni naye, kwa kamera yako, anaimba peke yake kwenye ukimya. Piga sekunde 30 za sauti hiyo tupu kwa kila mtu, halafu umpe mhariri. Kutoka kwenye sauti tupu kuingia kwenye mchanganyiko kamili ni mkato usiochosha.

Vyombo vya kupuliza: trampeti inaelekezwa kwenye maiki, kwa hiyo simama pembeni, si mbele. Uimbaji upangwe mchana. Bendi iliyopiga ukumbini Jumamosi mpaka usiku wa manane haina koo la kurekodi Jumapili asubuhi.

Hatua ya 7: Mahojiano

Yaache mpaka vyombo vimekwisha. Usianze na "ulianza lini muziki", kwani jibu lake wameshalitoa redioni mara nyingi. Muombe fundi afungue chaneli moja tu, kwa mfano tumba peke yake, mzee aisikilize kamera ikiwa imeshawashwa. Kisha uliza: "Mzee, hapa ulikuwa unamfuata nani?" Atajibu kwa vidole kabla ya mdomo, kwa hiyo fremu ioneshe mikono.

Picha zao za zamani zipige au uziskani nyumbani kwao, nukta 600 kwa inchi. Zisitoke nje ya nyumba.

Hatua ya 8: Hifadhi

Piga hesabu mapema. Kamera inayoandika megabiti 140 kwa sekunde hula takriban gigabaiti 63 kwa saa. Kamera mbili kwa saa sita ni gigabaiti 756 kwa siku, na siku kumi ni terabaiti 7.5. Nakala ni tatu, moja ikae nyumba nyingine. Nakili kwa programu inayohakiki kila faili, usiburute kwa mkono, na kadi isifutwe mpaka nakala ya pili ihakikiwe.

Hatua ya 9: Kuoanisha

Muombe fundi faili za WAV za kila chombo, zote zikianzia sekunde ya sifuri ya wimbo na zikiwa na urefu sawa. Omba pia teki ambazo hazikutumika. Kama kikao kilikuwa cha 44.1, zibadilishwe ipasavyo kwenda 48. Faili ya 44.1 ikisomwa kama 48 hukimbia karibu asilimia 9 na kupanda nusu-toni moja na nusu, na mwenye bendi atakuwa wa kwanza kukuambia wimbo wake umebadilishwa ufunguo.

Unapohariri, picha ya teki 4 iende na sauti ya teki 4. Ukiweka juu yake mchanganyiko wa mwisho, vidole vitapingana na noti, na wapiga gitaa ndio watazamaji wako wa kwanza. Mchanganyiko wa mwisho utumike pale tu ambapo daftari linasema kipande hicho ndicho kilichobaki kwenye wimbo. Kabla ya kufunga hariri, ioneshe bendi nzima mkiwa na jedwali la watunzi mkononi, na kila jina kwenye orodha ya mwisho lisomwe kwa sauti na mwenye jina au mrithi wake athibitishe tahajia.