Somo: Kuunganisha animesheni za timu nzima ziwe demo moja, Blender hadi Godot

Salaam wakuu. Somo hili ni la yule aliyekabidhiwa kazi ya mwisho kwenye timu. Wenzake wameshamaliza, faili nne ziko mkononi mwake, na demo inasubiriwa. Natumia Blender (programu ya kutengenezea maumbo na animesheni za 3D) na Godot 4 (programu ya kutengenezea michezo) kwa kuwa zote ni za bure. Mfano ni demo yetu ya mkwezi wa minazi: mmoja alitengeneza kutembea, wa pili kukwea, wa tatu kuangua nazi, na mimi nikachukua kushuka pamoja na kuunganisha.

Kabla hujagusa chochote, nakili faili zote za wenzako kwenye folda ya pembeni na usiifungue tena mpaka demo itoke. Kisha muulize kila mmoja anatumia toleo gani la Blender. Toleo la 4.4 la mwaka 2025 lilibadilisha namna animesheni zinavyotunzwa ndani ya faili, kwa hiyo kazi iliyohifadhiwa kwenye toleo jipya inaweza kuharibika ikifunguliwa kwenye la zamani. Kubalianeni toleo moja.

Hatua ya 1: Chagueni kiunzi kimoja cha mifupa

Hapa ndipo demo nyingi hufia, nami nitakaa hapa kidogo. Animesheni haina mwili ndani yake. Ni maagizo tu: mfupa wenye jina fulani, kwenye fremu fulani, uzunguke kiasi fulani. Blender inautafuta mfupa huo kwa jina. Mwenzako akiwa ameandika "Mkono.L" na kiunzi chako kina "mkono.L", mkwezi atakwea huku mkono mmoja umening'inia, na huenda usione onyo lolote la kukuambia kosa liko wapi.

Majina yakilingana, angalia pozi la asili, yaani jinsi mifupa inavyokaa kabla haijachezeshwa. Kila mzunguko unahesabiwa kuanzia hapo. Kama mmoja alianza na mikono iliyonyooka pembeni na mwingine na mikono iliyoshuka, viwiko vitapinda kusikojulikana. Halafu kipimo: bonyeza N uangalie Scale ya kiunzi. Ikiwa si 1, mwambie mwenye faili airekebishe kwa Ctrl+A kisha aihakiki animesheni yake upya, maana mifupa inayosogea kutoka mahali pake itaanza kuruka mbali au kutosogea kabisa.

Ushauri wangu wa dhati: mtu mmoja tu ndiye awe na mamlaka ya kubadilisha kiunzi. Akibadilisha hata jina la kidole, awaambie wote siku hiyohiyo.

Hatua ya 2: Linganisha kasi ya fremu

Blender huanza na fremu 24 kwa sekunde, lakini wengi huweka 30. Animesheni hutunzwa kwa namba ya fremu, si kwa sekunde. Hatua ya mguu ya fremu 30 iliyotengenezwa kwa kasi ya 30 huchukua sekunde 1. Ukiileta kwenye faili la kasi ya 24 itachukua sekunde 1.25. Mkwezi wako ataonekana mchovu, na mwenzako atadhani umemharibia kazi.

Hatua ya 3: Leta animesheni kwenye faili mama

Fungua faili lenye kiunzi mlichokubaliana. Nenda File, kisha Append, chagua faili la mwenzako, ingia folda ya Action, chukua animesheni yake peke yake. Usilete mwili wala mifupa yake, la sivyo utakuwa na wakwezi wanne.

Ukishaleta, bonyeza alama ya ngao iliyo pembeni ya jina lake. Tafadhali usiruke hapa. Animesheni ambayo hakuna kinachoitumia, Blender haiihifadhi. Ukifunga faili imekwenda. Sisi tulipoteza hivyo toleo la kwanza la kuangua nazi, kazi ya wiki mbili ya mwenzetu, na hakuwa na nakala. Alipolifungua faili akalikuta tupu, alinyamaza muda mrefu. Sikupenda kuiona sura ile, na ndiyo sababu naandika somo hili.

Zipe majina mafupi: kutembea-loop, kukwea-loop, kuangua, kushuka. Hilo "-loop" si pambo. Godot ikiliona mwishoni mwa jina, inaifanya animesheni ijirudie. Kisha zisukume moja moja kwenye NLA (dirisha la Blender la kupanga animesheni) kwa Push Down, ili zote zitoke pamoja.

Hatua ya 4: Toa faili la GLB na uliingize Godot

Ukitoa kutoka Blender, chagua glTF, aina ya glb, yaani faili moja linalobeba umbo, mifupa na animesheni zote. Liweke kwenye folda ya mradi, kisha ndani ya Godot tengeneza sini inayorithi (inherited scene) kutoka kwenye faili hilo. Usifanyie kazi ndani ya faili lenyewe. Mwenzako akileta marekebisho, unabadilisha glb kwa jina lilelile na sini yako inabaki salama.

Ongeza AnimationTree, weka mashine ya hali (state machine, inayoamua animesheni ipi ifuate ipi), unganisha: kutembea, kukwea, kuangua, kushuka. Muda wa kuchanganya animesheni moja na inayofuata wa sekunde 0.2 ni mwanzo mzuri.

Hatua ya 5: Toa demo

Pakua violezo vya kutolea (export templates) vya toleo lilelile la Godot. Kwa kompyuta za zamani chagua kichora picha (renderer) cha Compatibility. Ijaribu kwenye kompyuta isiyo na Godot kabisa.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, shukrani. Mwenzetu alichukua animesheni Mixamo (tovuti ya animesheni zilizo tayari), mifupa inaitwa mixamorig:Hips na kadhalika. Tunarudia upya?*

Hapana, ndugu yangu. Kwenye mipangilio ya kina ya kuingiza faili ndani ya Godot, chagua Skeleton3D (kiunzi chenyewe), tengeneza BoneMap (ramani ya majina ya mifupa), weka SkeletonProfileHumanoid (majina ya kawaida ya mwili wa binadamu). Fanya hivyo kwa faili zote mbili, majina yatalingana. Ila hii ni kwa maumbo ya kibinadamu. Kwa ng'ombe haitakufaa.

*Kaka, mhusika wangu anatembea mbele halafu anarudishwa nyuma ghafla.*

Aliyeitengeneza alimsogeza mbele ndani ya animesheni, na wengine wamemchezesha palepale. Amueni jambo moja. Kwa demo ya kwanza, mchezesheni palepale na kusogea kuachiwe kodi (code) ya mchezo. Mwenzako anaweza kufuta fremu za kusogea za mfupa mkuu, upande wa mbele tu, abakishe za juu na chini, maana ndizo zinazoupa mwendo uzito.

*Bando letu ni dogo na faili la mwenzangu lina MB 180. GitHub, tunakohifadhi mradi, imelikataa.*

Dada, GitHub haipokei faili linalozidi MB 100 bila Git LFS, nyongeza ya kutunza faili kubwa. Mwambie afungue faili jipya, a-Append animesheni yake pekee, abonyeze ngao, ahifadhi. Picha za ngozi na nguo ndizo zinazojaza nafasi, na wewe tayari unazo.

*Demo inafunguka vizuri ndani ya Godot, lakini nikiitoa, mnazi hauonekani.*

Angalia herufi kubwa na ndogo. Windows inaona Mnazi.glb na mnazi.glb ni kitu kimoja. Demo iliyotolewa haioni hivyo. Badilisha majina yote yawe herufi ndogo, ukiyabadilishia ndani ya Godot yenyewe ili marejeo yafuate, kisha uitoe tena.