Pitisha kidole chini ya uzi

Kabla hujalilaumu gitaa kwamba halitulii kwenye sauti yake, pitisha ncha ya kidole upande wa chini wa uzi, pale unapogusana na vyuma vya shingoni. Ukihisi vibonyeo vidogo au mkwaruzo wa kutu, uzi umechoka. Hata ukiukaza vipi, mlio utabaki butu. Badilisha zote sita kwa pamoja, maana uzi mmoja mpya kati ya vikongwe utawafunika wenzake.

Wakati wa kununua, jambo moja usilifanyie mzaha: gitaa la klasiki, lililoundwa kwa nyuzi za nailoni, usilifunge za chuma. Mvuto wa chuma ni mkubwa mno, na daraja, kile kipande kinachoshikilia nyuzi kwenye mwili wa gitaa, linaweza kung'oka. Kwa gitaa la nyuzi za chuma, anayeanza nampendekezea seti nyembamba, ile ambayo uzi wa kwanza, ulio mwembamba kuliko wote, una unene wa inchi 0.010 au 0.011. Vidole haviteseki sana, ingawa 0.012 huwa na sauti iliyojaa zaidi.

Nailoni mpya huendelea kunyooka kwa siku kadhaa, kwa hiyo usishtuke ikikulazimu kuikaza kila mara. Na ukimaliza kupiga, futa jasho kwa kitambaa kikavu, juu na chini ya kila uzi.