Mwalimu mgeni, shika majina kwanza
Wiki ya kwanza usikeshe na azimio la kazi tu, ule mpango wa masomo ya muhula, shika majina. Darasa langu la kwanza hapa Eastlands, Nairobi, lilikuwa na watoto zaidi ya 60. Nilichora madawati nyuma ya daftari la maandalio, kila kiti na jina lake, kwa penseli, maana wanahamahama hao! Ukisema "wewe wa sweta iliyochanika", mtoto atanyamaza muhula mzima. Sema "Achieng, hebu jaribu namba 4", na hata jirani yake aliyesinzia ataamka.

Kelele zikizidi usishindane nazo, koo litakauka kabla ya chai ya saa nne. Nyamaza, kasimame kando ya dawati la nyuma. Na chaki, tembea na yako mfukoni.