Mteja wa Google na mteja wa Instagram: hatua za kutangaza karakana yako Dar

Mafundi wengi ninaowasaidia hapa Dar huanza na swali moja: "Nianze na Instagram au Google?" Kwanza jua unamsubiri mteja gani. Anayeandika Google "fundi makochi Keko" kochi lake limeshapasuka na hela ameshaitenga. Anatafuta wa kumfanyia kazi tu. Anayeperuzi Instagram usiku kitandani hakuwa na wazo la kochi, ni kazi yako kumtamanisha. Natumia mfano wa makochi, ila muuza vitenge wa Kariakoo au fundi friji wa Sinza atapita njia hiyohiyo.

Hatua ya 1: Yajue maneno ya wateja

Kabla hujaposti chochote, fungua Google kwenye simu, andika "kochi la" halafu usibonyeze kitu. Maneno yanayojitokeza chini yanatokana na yale ambayo watu huyaandika. Kisha rudi kwenye meseji zako za WhatsApp, nakili maswali ya wateja kama yalivyo. Hutamkuta anayeuliza "samani za kisasa zenye ubora wa hali ya juu". Wanauliza "kochi la L bei gani?", "kitanda 5 kwa 6 cha mninga kipo?", "mnabadilisha kitambaa?" Tumia maneno hayo kila mahali.

Hatua ya 2: Ingia kwenye ramani ya Google

Hapa tulia, maana pana faida na ni bure. Fungua Wasifu wa Biashara kwenye Google, ule ulioitwa Google My Business hadi 2021. Jina liwe lile la kwenye kibao. Ukilirundikia "bei nafuu Dar es Salaam", wasifu unaweza kusimamishwa. Weka aina ya biashara, simu na saa za kufungua. Mara nyingi Google hutaka video ya uthibitisho: rekodi bila kukata, ukianzia barabarani, kibao, kisha ndani kwenye mashine na vitendea kazi.

Halafu lokesheni. Karakana moja niliyoisaidia ilikuwa imewekwa mtaa wa pili. Mteja alizunguka na bajaji, akapiga simu mara tatu, mwisho akanunua kwa jirani. Simama mlangoni mwenyewe, vuta ramani mpaka uone bati lako, ndipo uweke alama. Kwenye maelezo, elekeza kama tunavyoelekezana: nyuma ya sheli, mkabala na msikiti.

Google wenyewe wanaeleza kwamba kupanga biashara ipi ya karibu itokee juu, wanaangalia mambo matatu: inavyoendana na kilichotafutwa, umbali, na inavyojulikana. Nafasi hiyo hainunuliwi. Anayekuomba hela akuhakikishie namba moja, mkwepe.

Hatua ya 3: Omba maoni

Omba siku kochi linaposhushwa kwenye kirikuu na kuingizwa sebuleni, mteja akiwa bado na furaha. Mtumie palepale linki ya kuandika maoni kwenye wasifu wako wa Google. Usimpe punguzo ili akupe nyota, Google wanakataza. Malalamiko yajibu kwa upole, kwa sababu wateja wajao watayasoma.

Hatua ya 4: Instagram

Kwenye sehemu ya jina, ongeza kazi na mji: "Makochi Dar es Salaam". Anayetafuta ndani ya Instagram hupatiwa akaunti kwa maneno ya namna hiyo. Kisha rekodi kazi yenyewe: fremu ikiwa tupu, sponji, mkono wa fundi ukivuta kitambaa na kukibana. Wapo walioumia kwa kuuziwa kochi la mbao mbichi. Hao wanataka kuona ndani kabla halijafunikwa.

Na tafadhali, andika bei! "Bei njoo DM" inafukuza watu wazuri. Mwenye haya haulizi, na mwenye haraka anahamia akaunti nyingine. Wengine wanahisi bei inapangwa kwa kutazama picha yao. Kama inategemea kitambaa, andika bei ya kuanzia na utaje kitambaa gani.

Hatua ya 5: WhatsApp

Tumia WhatsApp Business, panga bidhaa kwenye katalogi, kila moja na bei yake. Linki ya kumfungulia mteja WhatsApp yako huandikwa wa.me/255 ikifuatiwa na tarakimu tisa za namba yako, bila alama ya jumlisha wala ile sifuri ya mwanzo. Nimekuta nyingi zimeandikwa 2550, na mteja akibonyeza anaambiwa namba si sahihi. Ijaribu kwa simu ya mtu mwingine.

Hatua ya 6: Tangazo la kulipia, baadaye

Lipia posti ambayo tayari imeleta maswali, na chagua Dar pekee kama mzigo wako hausafiri hadi Mbeya.

Weka daftari mezani. Kila anayenunua muulize, "Umetupataje?" Andika Google, Instagram, au ameelekezwa. Fanya hivyo mwezi mzima kabla hujaongeza hata shilingi kwenye matangazo.