Kutoa kutu kwenye sarafu kuukuu za shaba

Kabla hujagusa sarafu yoyote, ondoa mezani ndimu, siki, chumvi, majivu na dawa ya meno. Najua vinang'arisha, jirani yangu aliyerithi kopo zima la sarafu alikuwa ameshaviandaa vyote nilipofika. Asidi inakula ile ngozi ya kahawia iliyojijenga kwa miaka na kukuachia shaba tupu ya rangi ya waridi. Majivu na dawa ya meno vinakwaruza. Chumvi ndiyo mbaya kuliko vyote, sababu utaiona hatua ya 5. Mkusanyaji hahitaji hata lenzi kuitambua sarafu iliyosuguliwa, na bei inaporomoka hapo hapo. Kama hujui sarafu yako ina thamani gani, ishia hatua ya 2.

Hatua ya 1: Hakikisha ni shaba

Ipitishie sumaku. Ikinasa, ni chuma kilichopakwa shaba (pensi za Uingereza za kuanzia 1992 nyingi ziko hivyo), na kuiloweka ni kuiozesha. Senti moja ya Marekani ya baada ya 1982 ni zinki ndani, na zinki hainasi sumaku, kwa hiyo ipime: gramu 2.5 ni zinki, gramu 3.1 ni ya zamani.

Hatua ya 2: Loweka

Bakuli la kioo na maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea kwenye betri ya gari. Narudia: maji, siyo asidi ya betri. Ya bomba yana klorini, usiyatumie. Badilisha kila siku mwanzoni, baadaye kila maji yakichafuka. Inaweza kuchukua wiki kadhaa.

Hatua ya 3: Asetoni, kama kuna ulendaulenda wa kijani

Huo hutoka kwenye mifuko ya plastiki laini. Tumia asetoni halisi, siyo ya kufutia rangi ya kucha iliyochanganywa na manukato na mafuta. Dirisha wazi, moto mbali.

Hatua ya 4: Chokoa

Kijiti cha meno, sarafu ikiwa bado imelowa, chini ya lenzi. Sukuma uchafu kwa ubapa wa ncha, usichimbe. Brashi ya waya sitaki hata kuisikia. Wengi watakushauri mafuta ya zeituni. Hulainisha, ni kweli, lakini yana asidi zake, na yakianza kugeuka kijani ujue shaba yenyewe inayeyukia humo.

Hatua ya 5: Unga wa kijani kilichopauka

Hapa ndipo muda wote unapokwenda. Kijani kibichi kilicho kigumu na kushikana sawasawa na uso wa sarafu hakina neno, kiache, kinailinda. Unaoutafuta ni unga uliopauka unaopukutika ukiugusa, mara nyingi ndani ya vishimo vidogo. Ukiona huo, sarafu inaumwa. Ndani yake kuna kloridi ya shaba, ambayo ikikutana na unyevu na hewa inatengeneza asidi, asidi inakula shaba mpya, na kloridi inazaliwa tena. Mzunguko hauishi wenyewe. Ndiyo maana aliyesugua kwa ndimu na chumvi anapata sarafu inayong'aa leo na yenye madoa baadaye.

Huna hakika? Ifungie kwenye kopo pamoja na kitambaa kilicholowa, visigusane, kwa siku moja au mbili. Vitone vipya vya kijani kilichopauka vikijitokeza, umepata jibu.

Toa unga wote kwa sindano chini ya lenzi. Chini yake unaweza kukuta kitu cha kijivu kama nta. Hicho ndicho mzizi, kitoe kadiri kinavyokubali. Kisha yeyusha kwenye lita moja ya maji yaliyotoneshwa gramu 25 za kaboneti ya sodiamu na gramu 20 za bikaboneti ya sodiamu, ile ya kuumulia mikate. Loweka, badilisha kila wiki. Magadi ya mawe yanafanana sana na mchanganyiko huu, na mtu atakwambia uyatumie moja kwa moja. Usithubutu: yana chumvi ndani, na chumvi ndiyo tunayoikimbia.

Tahadhari zake sasa. Dawa hii ni ya polepole, miezi kadhaa si ajabu. Inaweza kubadilisha rangi ya sarafu au kuacha utando wa samawati. Kwa hiyo sarafu adimu siiingizi humo: naichokoa unga, naikausha, naihifadhi pakavu, basi. Na ukimaliza kuloweka, suuza kwa maji yaliyotoneshwa mara nyingi kuliko unavyodhani inatosha, halafu rudia jaribio la kopo. Vitone vikirudi, unaanza upya.

Hatua ya 6: Kausha na uhifadhi

Ichovye kwenye asetoni ili ifukuze maji vishimoni, iache ikauke kabisa, kisha paka nta nyembamba ukipenda. Ishike kwa ukingo. Weka kwenye chombo kinachofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu. Unyevu wa hewa ukiwa chini ya asilimia 40, kloridi iliyobaki inatulia. Vipakiti hushiba, kwa hiyo vibadilishe, na zile zilizowahi kuumwa zipe chombo chao ili uzikague mara kwa mara bila kufungua mkusanyiko mzima.